Jinsi ya Kuchunguza Mshale wa Kipimamwendo Baada ya Ajali ya Gari

Gari dogo likigongana na lori kwenye barabara ya Kasumbalesa au ile ya Likasi, huku kwetu Lubumbashi, Kongo, swali la kwanza la watu wanaokusanyika huwa lile lile: alikuwa anakimbia kiasi gani? Mara nyingi hutokea mmoja akachungulia dirishani, akaona mshale wa kipimamwendo umesimama kwenye 110, na kuanzia hapo namba hiyo husafiri peke yake. Huingia katika maelezo ya mashahidi, kisha katika PV (hati ya maelezo) ya polisi wa barabarani, kisha katika jalada la parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na huenda ikafika mbele ya hakimu bila mtu kuuliza kwa nini mshale huo haukurudi kwenye sifuri. Mwongozo huu ni kwa OPJ (maofisa wa polisi wa upelelezi), kwa wataalamu wanaotumwa na kampuni za bima, kwa mawakili wa Lubumbashi na kwa jamaa za marehemu wanaoletewa namba kama hiyo na kutakiwa waiamini. Ninachokishikilia tangu mwanzo ni kwamba namba iliyo chini ya mshale haifai kuingia katika hitimisho la ripoti mpaka mchunguzi aweze kueleza ni nini kilichousimamisha mshale pale.

Kabla ya mtu yeyote kugusa ufunguo

Ushahidi huu huharibiwa zaidi na mtu mwema kuliko na ajali yenyewe. Fundi anayezungusha ufunguo ili usukani ufunguke na gari livutwe, au kijana anayeunganisha betri ili taa za hatari ziwake, hana nia mbaya. Lakini katika magari mengi ya miaka ya karibuni, umeme unapoirudia dashibodi, kazi yake ya kwanza ni kurudisha mishale yote kwenye sifuri. Mshale uliokuwa umesimama kwenye 84 hushuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na hakuna namna ya kuurudisha. Kwa hiyo amri ya kwanza kwa walio karibu na gari ni kwamba ufunguo ubaki ulivyo, na betri isiunganishwe tena.

Kuhusu kukata umeme, tusiwe wagumu kupita kiasi. Ikiwa mafuta yanamwagika na kuna hatari ya moto, betri ikatwe mara moja, kwa kuwa hakuna mshale wenye thamani ya mtu aliyebanwa ndani. Kinachotakiwa ni kutazama kabla ya kukata: je, dashibodi ilikuwa inawaka au imezimika? Dashibodi inayowaka huku mshale uko kwenye sifuri inaonyesha kwamba kipimamwendo kiliendelea kufanya kazi hadi gari liliposimama, na mshale wa namna hiyo hautasema lolote kuhusu mwendo wa kugonga. Dashibodi iliyozimika huku mshale uko juu ndiyo inayostahili ulinzi. Andika saa, jina la aliyekata umeme na mahali alipoukata, kwa sababu kwenye barabara zetu betri inaweza kuondoka na mtu kabla polisi hawajafika, na baadaye upande mmoja wa kesi utadai kwamba mshale ulichezewa.

Picha zipigwe kabla ya gari kusogezwa. Mshale hauligusi bamba lenye namba. Umeinuka juu yake kwa milimita chache, na ukiupiga picha kutoka upande wa abiria utauona umehama kilomita kadhaa kutoka pale ulipo. Lenzi iwe mbele ya kitovu cha mshale, sambamba na bamba, na ikiwa usukani au mfuko wa hewa uliofumuka unakuzuia, sogeza mfuko huo kwa mkono mmoja badala ya kukubali picha ya pembeni. Piga moja ya karibu inayoonyesha mshale na namba mbili zilizo jirani yake, halafu moja ya dashibodi nzima. Usitumie mwako wa kamera moja kwa moja juu ya kioo, kwani utabaki na doa jeupe mahali pa namba. Tochi iliyoshikwa kwa pembeni inafaa zaidi. Kama kioo kimevunjika, tazama kama kuna kipande kilichoubana mshale, na kionekane katika picha kabla hakijaanguka.

Picha ya dashibodi nzima ina kazi ambayo wengi hawaijui. Katika magari mengi ya kisasa mishale yote, wa mwendo, wa mizunguko ya injini, wa joto na wa mafuta, huendeshwa na mota za aina moja. Umeme ukikatika ghafla yote husimama palipo, kwa hiyo utaona joto likiwa katikati, mafuta yakiwa kwenye robo tatu na mizunguko ikiwa kwenye 2800. Mishale hiyo ikiwa imekubaliana hivyo, dai la kwamba umeme ulikatika ghafla lina mguu wa kusimamia. Lakini ukikuta joto, mafuta na mizunguko vimelala chini kabisa na mshale wa mwendo peke yake uko juu, anza kutafuta kitu kilichoubana, au mtu aliyeusukuma kwa kidole kupitia kioo kilichovunjika. Kanuni hii haikamiliki mpaka ujue kwamba gari hilo halichanganyi mishale ya aina mbili, na hapo ndipo hatua inayofuata inapohitajika.

Mshale huu unaendeshwa na nini?

Majibu ni manne, na kila moja linabadilisha maana ya namba unayoiona.

Aina ya zamani kabisa ni ya kebo, yenye asili katika hataza ya Mjerumani Otto Schulze ya mwaka 1902. Kebo inayotoka kwenye giaboksi, au kwenye gurudumu la mbele kwa pikipiki nyingi, huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku hiyo huzalisha mikondo ya umeme katika alumini, mikondo huvuta kikombe kifuate mzunguko, na springi nyembamba kama unywele hukizuia. Mshale husimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Kebo ikiacha kuzunguka, springi huurudisha mshale kwenye sifuri mara moja. Aina hii haihitaji umeme, kwa hiyo hoja ya umeme kukatika haiihusu hata kidogo. Ukiona mshale wa kebo umesimama kwenye 90, ama umebanwa na bamba lililokunjika au kipande cha kioo, ama springi imeharibika, na springi inaweza kuwa iliharibika miezi mingi kabla ya ajali. Kwa lori kuukuu na kwa pikipiki za taksi ambazo kebo zake zimekatika siku nyingi, hilo ndilo la kushuku kwanza. Muulize mwenye chombo na wenzake wa kituoni kabla ya kuandika chochote.

Aina ya pili hutumia koili mbili zilizopishana zikizunguka sumaku ndogo iliyoshikamana na mhimili wa mshale. Mkondo katika kila koili huamua sumaku ielekee wapi. Umeme ukikatika, baadhi ya mishale hiyo hurudi sifuri kwa springi au sumaku ndogo, na mingine, hasa iliyowekewa mafuta mazito ya kutuliza mtetemo, hubaki karibu na ilipokuwa au huteleza polepole. Ni aina isiyotabirika, na binafsi siikubali namba yake bila jaribio la gari la mfano, ambalo nitalieleza.

Aina ya tatu ndiyo iliyoleta umuhimu mpya wa somo hili: mota ya hatua. Ni mota ndogo yenye gia za plastiki, na kompyuta ya dashibodi huiamuru isogee hatua moja moja, kila hatua ikiwa sehemu ndogo ya digrii. Gia hizo hupunguza mwendo wa mota mara nyingi sana, na kwa sababu hiyo mshale ni mgumu kusukumwa kutoka nje. Hauna springi ya kuurudisha. Hurudi sifuri kwa amri tu. Umeme ukikatika kabla ya amri hiyo, mshale hubaki pale amri ya mwisho ilipoufikisha. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 2000 yana mota hizi, na hapa ndipo mshale uliosimama unapoweza kuwa ushahidi halisi.

Ya nne ni namba za kidijitali, ambazo huzimika na umeme. Hapo bamba halina la kusema, na mchunguzi aende moja kwa moja kwenye kumbukumbu za kompyuta.

Huwezi kuijua aina kwa kuangalia umri wa gari tu. Kifungue kisanduku cha dashibodi kwa nyuma bila kukiwasha: kebo ya chuma inaonekana kwa macho, na ikiwa zipo plagi za umeme peke yake, ni moja ya aina nyingine. Ikibaki shaka, tafuta gari la mfano, yaani gari la muundo ule ule na mwaka ule ule, jambo lisilo gumu mjini Lubumbashi ambako baadhi ya miundo ya Toyota imejaa kila mtaa. Liinue kwa vigingi vya chuma, si kwa jeki peke yake, magurudumu yanayosukuma yawe hewani, mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma. Dereva aushikilie mwendo kwenye 80, kisha ukate umeme wa dashibodi kwa kuchomoa fyuzi zake au plagi yake. Usichomoe betri wakati injini inaunguruma, kwa kuwa alteneta itaendelea kulisha umeme na unaweza kuunguza vifaa. Rudia kwa 40 na kwa 120. Ikiwa mshale unabaki palepale kila mara, umejua tabia yake. Halafu kipige kisanduku kwa ngumi kutoka pande mbalimbali uone kama unahama. Jaribio hili la gereji, lililorekodiwa kwa video ya simu, lina uzito mbele ya hakimu kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Namba hiyo ni mwendo wa nini, na wa lini?

Kipimamwendo hakijui gari linakwenda kasi gani juu ya ardhi. Kinajua mzunguko wa giaboksi au wa magurudumu tu, na kinadhani tairi halitelezi. Dereva aliyekanyaga breki mpaka magurudumu yakafunga, katika gari lisilo na ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasifunge), anaweza kugonga akiwa kwenye 60 huku mshale umeshashuka karibu na sifuri. Upande wa pili, gari lililoruka mtaro na magurudumu yakawa hewani huku mguu uko kwenye mafuta litaonyesha mwendo ambao halijawahi kuwa nao. Vilevile gari linalosota kwenye tope la udongo mwekundu wakati wa masika. Kwa hiyo kabla ya kusoma mshale, soma barabara: michirizi ya tairi, mahali gari lilipoacha lami, alama za kupinduka.

Pili ni wakati. Mshale uliosimama unasema mwendo wa pale umeme ulipokatika. Gari likigonga kwa uso na betri iko mbele, kukatika kunaweza kutokea ndani ya mgongano wenyewe, ambao kwa kawaida huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo. Lakini gari lililogusa kwanza ubavu wa lori, likatoka barabarani na kugonga mti mita 40 mbele, huenda lilipoteza umeme kwenye mti, na namba yake ni ya mgongano wa pili. Kagua betri, nyaya zake nene na kisanduku cha fyuzi: pamekatwa wapi, na kitu gani kilikuwa kinapita hapo? Ikiwa betri ni nzima, nyaya ni nzima na fyuzi hazijaungua, yeyote anayedai kwamba umeme ulikatika wakati wa ajali anapaswa kuonyesha ulikatikia wapi. Hili ndilo swali ninaloshangaa kuona linavyorukwa katika ripoti nyingi.

Tatu, mshale una ucheleweshaji wake. Kompyuta hupokea taarifa, huzilainisha, kisha huiamuru mota, na mota ina kasi yake ya juu. Dereva akishika breki kali, mwendo halisi hushuka kilomita 25 kwa saa katika kila sekunde moja au karibu na hapo, na mshale uliochelewa kidogo utaonyesha zaidi ya mwendo halisi. Ndani ya mgongano kinyume chake kinaweza kutokea, kwa kuwa gurudumu lililobanwa husimama kabla umeme haujakatika, na mshale ukaanza kushuka. Ndiyo maana natumia namba hiyo kama eneo, kamwe si kama nukta.

Kusahihisha namba

Kwanza soma kizio. Magari yaliyotoka Uingereza huwa na maili kwa namba kubwa na kilomita kwa namba ndogo za ndani, na maili 60 ni karibu kilomita 97. Kosa hili ni la kitoto lakini linaweza kumfanya dereva mwenye haraka aonekane mpole.

Pili, vipimamwendo vimetengenezwa kuonyesha zaidi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inasema kipimamwendo kisionyeshe kamwe chini ya mwendo halisi, na kizidi kwa si zaidi ya asilimia kumi ya mwendo halisi pamoja na kilomita 4 kwa saa. Gari linalokwenda 80 linaruhusiwa kuonyesha mpaka 92. Ukigeuza hesabu, mshale uliosimama kwenye 95 unaweza kuwa wa gari lililokuwa likienda karibu 83, na hata kama lilikuwa 95 kamili, kanuni haikuvunjwa.

Tatu ni tairi, na hapa kwetu si jambo dogo, kwa sababu gari huja na tairi za aina moja na baada ya mwaka linavalishwa zilizopatikana sokoni. Tairi ya 195/65 R15 ina kipenyo cha milimita 634.5, ya 205/70 R15 ina 668. Tofauti ni asilimia 5 na kidogo, kwa hiyo kipimamwendo kilichopangwa kwa tairi ya kwanza kitaonyesha 80 wakati gari linakwenda karibu 84 ya hesabu hiyo. Angalia kwamba tairi kubwa inakula ile ziada ya kanuni, na gari linaweza kuanza kuonyesha pungufu. Andika vipimo vya tairi zote nne kutoka ubavuni mwake, na ulinganishe na bango la kiwanda lililo kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Mshale wa mizunguko ya injini ni mshirika mzuri hapa. Ikiwa nao umesimama na giaboksi ni ya mkono, gia iliyobaki imeingia hukupa hesabu ya pili isiyotegemea bamba la mwendo. Chukua mizunguko 3000 kwa dakika, gia ya nne yenye uwiano wa 1.00, difu yenye 4.1, na tairi inayosonga mita 1.93 kwa kila mzunguko: 3000 mara 60, gawanya kwa 4.1, zidisha kwa 1.93, utapata karibu kilomita 85 kwa saa. Mshale wa mwendo ukisema 92 na hesabu ikisema 85, viwili hivyo vinakubaliana ndani ya kanuni. Ukisema 140, kuna uongo mahali fulani. Kwa giaboksi ya kujiendesha hesabu hii hulegea, kwa kuwa hujui kwa uhakika gia iliyokuwa ikitumika.

Alama juu ya bamba

Katika vipimamwendo vya zamani, mshtuko huweza kuupigisha mshale juu ya bamba na kuacha chembe za rangi yake. Rangi za mishale mingi hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, kwa hiyo taa ndogo ya aina ile inayotumika kukagua noti, katika chumba chenye giza, inaweza kuonyesha mstari usioonekana mchana. Mstari mmoja mwembamba wenye umbo la mshale una maana. Mikwaruzo mingi ya duara ni ya uzee au ya mtu aliyewahi kukifungua.

Kuupa mshale wenzake

Mnamo 31 Agosti 1997, gari aina ya Mercedes-Benz lililombeba Diana, bintimfalme wa Wales, liligonga nguzo katika njia ya chini ya Pont de l'Alma mjini Paris. Magazeti yaliandika kwamba mshale ulikutwa umekwama kwenye kilomita zaidi ya 190 kwa saa, na namba hiyo ikazunguka dunia. Makadirio ya wachunguzi waliopima gari na eneo yaliweka mwendo wa kugonga karibu na kilomita 100. Hiyo ilikuwa kesi iliyokuwa na kila chombo na kila mtaalamu. Fikiria PV ya kurasa mbili iliyoandikwa usiku kando ya barabara.

Michirizi ya breki ndiyo mwenza wa kwanza, na haihitaji mashine. Kuupata mraba wa mwendo kwa kilomita kwa saa, zidisha 254 kwa kipimo cha msuguano, kisha kwa urefu wa michirizi kwa mita. Lami kavu huwa karibu na 0.7; iliyolowa hushuka, na kwa barabara ya udongo usikisie, fanya jaribio la breki mahali hapo kwa gari lenye tairi zinazofanana. Sasa chukua gari lenye ABS lililoacha alama hafifu za mita 22 kwenye lami kavu kabla ya kugonga, na mshale wake wa mota ya hatua umesimama kwenye 56. Kwa kanuni namba 39, mwendo halisi wa kugonga ulikuwa kati ya 47.3 na 56. Breki zenyewe zilikula 254 mara 0.7 mara 22, yaani karibu 3912. Jumlisha na mraba wa 47.3 utapata mzizi wa karibu 78. Jumlisha na mraba wa 56 utapata karibu 84. Dereva huyo, ambaye wakili wake atasema kwamba alikuwa kwenye 56 tu, alianza kufunga breki akiwa karibu na 80. Nisingekifunga kiwango cha juu kwenye 84 hata hivyo, kwa kuwa gurudumu lililo chini ya breki kali huzunguka polepole kidogo kuliko gari linavyosonga, na mshale hufuata gurudumu.

Kwa malori, uliza takografu, yaani kifaa kinachorekodi mwendo wa lori. Malori yaliyotumika Ulaya hufika yakiwa nayo, na ikiwa bado inafanya kazi, ile ya karatasi ina chati ya duara inayozunguka mara moja kwa saa 24 na kuchora mwendo kwa kalamu ndogo. Mgongano huacha mchoro wa mtikisiko unaosomwa kwa darubini. Za kidijitali, zilizokuwa lazima kwa malori mapya ya Umoja wa Ulaya tangu Mei 2006, hutunza mwendo wa kila sekunde kwa saa 24 za mwisho za safari. Malori mengi ya madini yana pia kifaa cha GPS kinachotuma mahali na mwendo kwa mwenye lori. Taarifa hizo ziombwe kwa barua ya parke mapema, kabla hazijafutwa, na uangalie kifaa hutuma kila baada ya muda gani, kwa sababu nukta mbili zilizotengana kwa dakika nzima hazielezi sekunde ya ajali.

Kompyuta ya mifuko ya hewa ya magari kadhaa hutunza sekunde 5 za mwendo kabla ya mgongano. Marekani ina kanuni zinazoeleza taarifa hizo zitunzwe vipi, na Umoja wa Ulaya umezilazimisha kwa magari madogo na vani zote mpya tangu Julai 2024. Kuzisoma kunahitaji kifaa maalumu na muundo wa gari unaokubalika. Kumbuka tu kwamba mwendo ule nao unatoka kwenye magurudumu, kwa hiyo gurudumu lililofunga huidanganya kompyuta kama linavyoudanganya mshale.

Kuandika na kuhifadhi

Katika sheria ya Kongo, mtaalamu anayeitwa na OPJ, mwendesha mashtaka au jaji hufanya kazi hiyo chini ya kiapo, kwa mujibu wa sheria ya utaratibu wa jinai ya 6 Agosti 1959, na kesi ya kuua au kujeruhi bila kukusudia husimama juu ya kukosa tahadhari, kama kifungu cha 52 cha kitabu cha pili cha sheria ya adhabu kinavyosema. Mwendo ni sehemu moja tu ya kukosa tahadhari. Ripoti ieleze aina ya kipimamwendo na ulivyoijua, umeme ulikatikia wapi, hali ya mishale mingine, kizio, tairi, na jaribio la gari la mfano, kisha ndiyo itoe mwendo kama eneo lenye kiwango cha chini na cha juu. Kama hukuweza kuthibitisha sababu ya mshale kusimama, andika namba uliyoiona katika sehemu ya hali iliyokutwa, na uiache nje ya hitimisho.

Kisanduku cha dashibodi kifunguliwe skrubu zake na kuchomolewa plagi bila kuwashwa, kiwekwe katika boksi gumu, uso juu, kitu chochote kisiguse mshale, na boksi lifungwe kwa lakiri yenye saini za OPJ na za mashahidi. Mtaalamu wa upande wa pili apewe nafasi ya kukiona kabla ya jaribio lolote linaloweza kukibadilisha. Jaribio la kuwasha umeme ndilo la mwisho kabisa, na hufanywa mara moja, mbele ya pande zote, kamera ikiwa imeshaanza kurekodi: mshale ukishuka hadi sifuri bila kukwama wala kuruka, mota yake ilikuwa nzima siku ya ajali, ukikwama njiani, andika ulikwama kwenye namba gani, kisha fungua kioo utafute kilichouzuia.